Usimnyime mtoto lugha ya bibi yake

Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee kaskazini kabisa mwa Norway, mahali ambapo kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Nilipofika huku sikujua kwamba nitakuta wafugaji wanaohama na mifugo kama wazee wetu.

Hao ni Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Norway, Sweden, Finland na Rasi ya Kola nchini Urusi. Baadhi yao hufuga mnyama anayefanana na kulungu, mwenye pembe za matawi, wanayemwita boazu. Majira ya baridi makundi hukaa bara, yakifukua theluji kwa kwato kutafuta malisho. Joto likija, mengi huhamia pwani. Ndama hukatwa alama masikioni, kila mwenye mali na alama yake, na hata mtoto mdogo hupewa ya kwake.

Siku moja nilimuuliza mfanyakazi mwenzangu Msami, "Kwenu mna wanyama wangapi?" Akatabasamu, akabadilisha mazungumzo. Niliona haya. Hata kwetu, nani anamuuliza mtu idadi ya ng'ombe wake?

Kati ya wazee ninaowahudumia alikuwepo bibi mmoja mwenye maradhi ya kusahau. Alizaliwa katika familia ya wafugaji, akaolewa na mvuvi wa pwani. Kinorwe alichokizungumza maisha yake yote kilianza kumtoka, kikabaki Kisami cha utotoni. Alikuwa akichora kwa kidole juu ya shuka, mstari huu na ule. Mwenzangu alipotazama akaniambia, "Anachora sikio. Hiyo ni alama ya wanyama wake."

Jioni moja mwanawe alikuja kumtembelea. Bibi akawa anarudia neno moja: čáhci, čáhci. Mwanawe akampa maziwa, akasukuma kikombe. Akamfunika blanketi, akalitupa. Mwenzangu alipoingia akasema, "Anaomba maji." Yule baba, mtu mzima mwenye mvi, aliinama akalia.

Baadaye alitueleza. Mama yake alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, na huko Kisami kilikatazwa. Ilikuwa sera ya serikali tangu karne ya 19, watoto wageuzwe kuwa Wanorwe. Alipozaa, hakutaka wanawe waonje aibu ile, akawasemesha Kinorwe tu. Mwezi Novemba 2024 Bunge la Norway liliomba radhi kwa sera hiyo. Lakini radhi haikumpa yule baba neno la maji.

Wazazi wenzangu, nilirudi nyumbani nikiwa na mzigo moyoni. Binti yangu ana miaka saba. Mimi sikukatazwa na mtu. Niliacha mwenyewe kumsemesha Kiswahili, nikiogopa atachelewa darasani. Kila Jumapili tukimpigia simu mama yangu, mtoto anaongea Kinorwe na mama ananiuliza, "Anasemaje huyu?" Nami natafsiri kati ya bibi na mjukuu, kama mkalimani wa mahakamani.

Usiku huo nikaamua kwamba ndani ya nyumba yangu ni Kiswahili. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Alininunia, akajifungia chumbani, akaniambia Kiswahili hakina kazi huku. Mara nyingine nilichoka nikamjibu kwa Kinorwe, kesho yake nikaanza upya. Tulianza na vya jikoni: maji, chumvi, sufuria, njoo ule.

Sasa ni miezi sita. Jumapili iliyopita alichukua simu mwenyewe. "Shikamoo bibi." Upande wa pili kimya, kisha nikasikia mama akiitikia marahaba kwa sauti ya kutetemeka. Mtoto akapata moyo, akaendelea, "Bibi, una ng'ombe wangapi?"

Mama alicheka hadi akakohoa. "Lugha ameipata," akaniambia. "Sasa mfundishe na adabu."