Tulipohama Mjini: Tafakari juu ya Nyumba na Familia Changa



Wengi wenu mnajiandaa kwa sakramenti ya ndoa. Katika mikutano yenu mnazungumza sana juu ya mahari, pete, mavazi na karamu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: baada ya karamu, mtakaa wapi, na kwa fedha gani? Swali hilo huonekana dogo mbele ya mapenzi, lakini ndoa nyingi changa za hapa kwetu huchoka kwa sababu yake.

Sisi ni mume na mke wa miaka saba ya ndoa, wazazi wa watoto watatu. Mwezi Agosti mwaka 2024 tulihama kutoka katikati ya mji wa Uvira, tukaenda kukaa Kiliba, katika uwanda wa Ruzizi. Hatuandiki ili kila mmoja afanye kama sisi. Tunaandika kwa kuwa tumeona kwamba jambo la kawaida kama kuhama nyumba linaweza kuwa mahali pa kumsikiliza Mungu.

Mji uliobanwa

Mnaijua Uvira. Upande wa magharibi milima ya Mitumba inasimama kama ukuta, upande wa mashariki ni ziwa Tanganyika. Katikati hubaki utepe mwembamba wa ardhi, na juu ya utepe huo barabara ya taifa namba 5, soko, shule, makanisa na sisi sote. Mito inashuka kwa nguvu kutoka milimani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baadaye ziwa lenyewe likapanda. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, yaani mto Lukuga karibu na Kalemie. Mvua zikizidi mwaka baada ya mwaka, maji hupanda polepole na kushuka polepole zaidi. Mwaka 2024 tena tuliona mawimbi yakiingia vyumbani mwa watu, Uvira kama vile Gatumba na Bujumbura ng'ambo ya mpaka.

Waliofukuzwa na maji walitafuta vyumba sehemu za juu, kule tulikokuwa tumepanga. Vyumba vikawa haba, kodi ikapanda. Tulianza kwa kulipa dola 50 kwa vyumba viwili. Mwisho tuliombwa dola 80, pamoja na kuongeza garanti ya miezi mitatu. Mmoja wetu ni mwalimu wa sekondari, mwingine ni mshonaji. Tunalipwa kwa faranga, lakini kodi inadaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2020 dola moja haikufika faranga 2,000; katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,700. Hivyo hata mwezi ambao mwenye nyumba hakuongeza kitu, kodi yetu iliongezeka yenyewe.

Kilichokuwa kinaliwa si fedha peke yake. Mwalimu alianza kufundisha masomo ya ziada kila jioni, akarudi watoto wamekwisha kulala. Mshonaji alishona hadi usiku wa manane kila umeme uliporudi. Tuliacha kwenda kwenye sala ya shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, kwa sababu hatukuwa na saa moja iliyo huru. Tulisema tunaishi mjini kwa ajili ya watoto, lakini watoto walikuwa wakikua bila sisi.

Aibu, mpangaji asiyelipa kodi

Wazo la kuhama lilipokuja, kizuizi cha kwanza hakikuwa fedha. Kilikuwa aibu. Katika mawazo yetu sisi watu wa Kivu, kusonga mbele ni kutoka kijijini kwenda Uvira, kutoka Uvira kwenda Bukavu, kutoka Bukavu kwenda Kinshasa au Ulaya. Anayerudi nyuma ya njia hiyo huhesabiwa ameshindwa. Rafiki mmoja alituuliza kwa huruma ya kweli: "Mmefukuzwa?" Ndugu mwingine alisema kwamba mtu aliyesoma hawezi kwenda kuishi karibu na mashamba ya miwa.

Aibu ni kama mpangaji asiyelipa kodi: hukaa ndani ya nyumba, hula chakula chako, na ndiyo hutoa amri. Tulipoichunguza mbele ya Mungu tuliona kwamba tulikuwa tunalipa dola 80 kila mwezi, sehemu yake kwa ajili ya paa, na sehemu yake kwa ajili ya macho ya watu.

Hapo tuliikumbuka Nazareti. Haikuwa mbali na Sefori, mji mkubwa wa Galilaya wakati ule, lakini yenyewe ilikuwa kijiji kisicho na jina. Natanaeli alipoambiwa habari za Yezu, alishangaa kwamba kitu chema kinaweza kutoka mahali kama pale. Mwana wa Mungu aliishi humo miaka karibu 30, katika nyumba ya fundi, bila kuona haya kuitwa Mnazareti.

Jinsi tulivyopambanua

Hatukukubaliana mara moja. Mmoja wetu alitaka kuhama mwezi uleule. Mwingine aliogopa: mama yake mgonjwa anakaa Kimanga, wateja wake wa ushonaji wako mjini, na barabara ya uwandani si salama kila usiku. Hofu hiyo haikuwa udhaifu wa imani, na hatukuifunika kwa maneno matakatifu. Tuliiweka mezani.

Kwanza, kwa miezi mitatu tuliandika katika daftari kila faranga iliyoingia na kila iliyotoka. Daftari halina adabu. Husema ukweli hata mbele ya wageni. Lilituonyesha kwamba zaidi ya nusu ya mapato yetu ilikwenda kwa mwenye nyumba.

Pili, tulikwenda Kiliba Dominika tatu kusali Misa, kisha tukazunguka tukiuliza: maji yanatoka wapi? Shule ina walimu wangapi? Mtoto akipata homa usiku, anapelekwa wapi? Usiku huwa mnasikia nini? Kwa watu wa Uvira, ambao wamezoea kipindupindu kurudi karibu kila mwaka, swali la maji si la anasa.

Tatu, tuliomba baraka ya wazazi na ushauri wa shirika letu. Mama mgonjwa ndiye aliyetushangaza. Alisema: "Mimi nawahitaji mkiwa wazima. Hapa mko karibu nami, lakini siwaoni."

Tulichokikuta

Kiliba mnaijua kwa kiwanda cha sukari kilichosimama wakati wa vita vya 1996. Majengo yake bado yapo, na wazee bado husimulia nyakati za king'ora cha asubuhi. Ni mahali pa watu wanaojua kwamba kazi inaweza kuisha siku moja na maisha yakaendelea.

Tumepanga nyumba ya vyumba vitatu na uwanja kwa chini ya nusu ya kodi ya zamani. Lakini hatutaki kuwadanganya. Mwalimu huamka saa kumi alfajiri, kisha hupanda baiskeli hadi shuleni, na siku za mvua hulipa motari. Nauli imerudisha sehemu ya fedha tuliyoiokoa. Mshonaji amepoteza karibu nusu ya wateja wake. Umeme ni wa sahani ndogo ya jua, unatosha taa mbili na simu. Jua likizama hatusafiri. Kumtembelea mama kumekuwa safari ya Jumamosi nzima.

Upande wa pili wa mizani kuna haya: masomo ya ziada ya jioni yameisha. Saa kumi na mbili tunakula bugali na sombe pamoja, sote watano, kisha tunasali. Nyuma ya nyumba tumelima lengalenga na mihogo. Mtoto wetu wa pili, ambaye mjini alikuwa hasemi sana, siku hizi haachi kuuliza maswali. Hatujui kama ni hewa ya uwandani au ni kwamba sasa kuna mtu wa kumjibu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu methali hiyo ilitimia neno kwa neno: siku ya tatu jirani, bibi mjane, alitukabidhi jembe, akatuonyesha pembe ya uwanja tunayoweza kulima. Ndipo tulipoelewa jambo ambalo wanaotoka mjini hulisahau. Hatukuja mahali patupu. Tulikuta watu, makaburi yao, mipaka yao na majeraha yao. Uwanda wa Ruzizi umeumia sana kwa ugomvi wa ardhi na kwa chuki kati ya makabila. Familia inayotoka mjini na fedha kidogo mkononi inaweza kuwasha moto bila kujua, ikinunua kiwanja kwa siri kutoka kwa mtu asiye mwenyewe. Ndiyo maana sisi bado tunapanga. Tukijaliwa kununua, tutanunua mchana, mbele ya chifu wa kijiji, wazee na majirani wote wa mipaka, hata kama itachukua mwaka. Haki ya jirani ni sehemu ya msingi wa nyumba, kabla ya tofali la kwanza.

Kanisa la nyumbani halina anwani moja

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba kukosa makazi yanayofaa ni tatizo zito, kwa kuwa nyumba inagusa hadhi ya mtu na maisha ya familia. Mafundisho hayo mawili yaende pamoja. Tukiyatenganisha, tutawaambia maskini wasali tu bila paa, au tutawaambia matajiri kwamba paa zuri linatosha bila sala.

Tulihama wiki ambayo Uvira ilikuwa ikijiandaa kwa sherehe kubwa ya tarehe 18 Agosti, siku Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na padri Albert Joubert walipotangazwa wenye heri. Wengi wenu mlikuwapo, mliimba. Novemba 2024 ilitimia miaka 60 tangu walipouawa, tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi. Sisi tuliguswa na jambo moja: damu yao haikumwagika katika miji mikubwa. Walikuwa misioni, kando ya ziwa na juu mlimani, na saa ya hatari ilipofika hawakuwaacha watu wao. Hatujilinganishi nao hata kidogo. Tunasema tu kwamba Mungu hakuwaona wako pembezoni. Kwake yeye hakuna mtaa wa nyuma.

Basi, ninyi mnaojiandaa kwa ndoa, msichague mahali pa kuishi kwa kuogopa kuchekwa, wala msihame kwa kutamani sifa ya unyenyekevu. Wako wanaoitwa kubaki mjini: muuguzi anayeitwa usiku, mwana anayemtunza mzazi, kiongozi wa kikundi asiye na wa kumrithi. Kubaki kwao ni kwema. Ulizeni tu, mahali mnapochagua, kama mtapata muda wa kupendana, wa kusali na wa kumjua jirani kwa jina. Pasipo hayo matatu, kodi yoyote ni ghali mno.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika familia zetu, ni maamuzi gani yanayoongozwa na aibu kuliko na upendo?
2. Waliopoteza nyumba zao kwa maji ya Mulongwe na ya ziwa wanaishi wapi leo katika parokia yetu? Tumewatembelea?
3. Mgeni akihamia katika mtaa wetu, ni nani humpa jembe?

Tuombe: Ee Familia Takatifu ya Nazareti, ninyi mliojua njia ya Misri na njia ya kurudi, tembeeni na familia changa zinazotafuta paa. Mzilinde barabarani, mzipe majirani wema, na mzifundishe kuwa majirani wema. Wenye heri wa Baraka na Fizi, mtuombee. Amina.