Mboga na Chumvi

Chumvi, ewe msomaji, ina tabia mbili. Chunguni ni rafiki. Shambani ni adui. Tabia ya kwanza yajulikana sana na wapishi wa Kibabii, ambao huchuja maji katika majivu ya maganda ya maharagwe wakapata magadi ya kulainishia kunde. Ya pili haijulikani na wengi, nayo ndiyo nitakayo kuieleza.

Usidhani kuwa habari hii yawahusu watu wa pwani peke yao. Ni kweli kwamba mvua za Bungoma ni nyingi, nazo huosha udongo. Lakini mbolea nyingi za viwandani nazo ni chumvi. Mkulima akiirundika shinani mwa mche wa sukuma wiki wakati wa kiangazi, siku chache baadaye huona kingo za majani zimeungua, ilhali moto haukupita. Fedha yake imepotea, na mboga ya watoto wake pia.

Sababu yake ni hii. Ukikata kabichi na kuinyunyizia chumvi, punde itatoa maji. Mzizi nao huwa vivyo hivyo: chumvi ikizidi udongoni huyazuia maji, na mmea hukaa na kiu katikati ya unyevu.

Mmea hauna miguu ya kukimbilia, lakini una wajumbe. Wataalamu huwaita homoni, nazo ni dutu ambazo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo mno ili kupeleka habari kutoka kiungo hata kiungo. Mjumbe mkuu wa kiu ni asidi ya absisiki, ambayo ilitambuliwa katika matunda ya pamba mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kupewa jina hilo mwaka 1967. Chumvi inapozidi, asidi hii huongezeka, ikaamuru vitundu vidogo vya majani vifungwe ili maji yasipotee. Mmea huanza kuweka akiba ya sukari na vitu vingine vya kushikilia maji, na ukuaji wake hupungua. Mche uliodumaa namna hii si mvivu. Unajinyima leo ili uishi kesho.

Wanadamu wamejifunza kuusaidia. Katika majaribio mengi, mbegu za mboga zimelowekwa katika maji yenye asidi ya salisili kidogo, ambayo ni homoni nyingine na ndugu wa dawa ya aspirini, na miche yake ikastahimili chumvi kuliko mingine. Lakini kipimo kikizidi, dawa hugeuka sumu.

Nami nakusihi usidanganyike. Homoni humpa mgonjwa subira, haimwondolei ugonjwa. Haitoi chumvi udongoni hata chembe. Kazi hiyo ni ya maji mengi yenye njia ya kupita, na ya mkono unaoweka mbolea kwa kipimo, mbali kidogo na shina.

Ukitaka ushahidi, panda maharagwe katika makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja limwagilie maji matupu, na la pili maji yenye kijiko cha chumvi. Yatazame kila asubuhi kwa muda wa majuma mawili, ukaandike uyaonayo. Kisha nenda shambani kwenu ukawaeleze wazazi wako kabla mbolea haijatiwa.