Draiva za Kwenda Bukavu

Brussels mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa mji unaotupa kompyuta. Hofu ya mwaka 2000 ilizifanya ofisi zibadilishe mashine ambazo bado zilikuwa na nguvu, na mji ule umejaa ofisi: za Umoja wa Ulaya, za wanasheria, za wafasiri, za wachapaji. Nyingine ziliishia uwanja wa Jeu de Balle, kule Marolles, kwenye soko la vitu vikuukuu linalofunguliwa kila asubuhi. Nyingine zilitufikia sisi, kwa sababu tulijua kuwasalimu walinzi wa ofisi vizuri.

Sisi tulikuwa Waswahili wa Matonge. Mtaa huo uko Ixelles, karibu na Porte de Namur, na jina lake limetoka Kinshasa, kwa hiyo Chaussée de Wavre utasikia Kilingala kabla ya kusikia kingine chochote. Lakini baada ya vita vya 1996 na 1998 waliongezeka watu wa Bukavu, Goma na Uvira, na mimi mtu wa Kigoma niliyekuja kusoma nikajikuta miongoni mwa jirani zangu wa ng'ambo ya ziwa. Chama chetu kilikuwa na chumba nyuma ya duka la vitenge. Kazi yetu ilikuwa kukusanya kompyuta, kuzifufua, na kuzituma kwenye shule za Kivu.

Fundi mkuu alikuwa mzee aliyetengeneza simu Bukavu kwa miaka mingi. Sote tulimwita Papa, hata waliokuwa na umri wa kumkaribia. Mimi aliniita "kijana wa Kigoma", na sikumbuki kama aliwahi kulitumia jina langu.

Mashine zilitujia diski zake zikiwa zimefutwa, na fedha za kununua leseni za Windows hatukuwa nazo. Tukatumia Linux, hasa Debian 2.2 iliyotoka Agosti 2000. Kompyuta za kawaida hazikutusumbua. Diski zake zilikuwa za IDE, na keneli, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayozungumza na vifaa, iliziona bila maswali na kuziita /dev/hda, /dev/hdb na kuendelea. Zilizotutoa jasho ni mashine za wachapaji na seva za ofisi. Hizo ndizo zilizokuwa imara zaidi, na karibu zote zilitumia SCSI.

Kwa msomaji wa leo nieleze kidogo. Diski ya SCSI haikuchomekwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Ilipitia kontrola, mara nyingi kadi ya pekee, na kila aina ya kontrola ilitaka draiva yake. Kadi ya Adaptec AHA-2940 ilitaka draiva iitwayo aic7xxx. Za Symbios zilitaka sym53c8xx. Za BusLogic zilikuwa na draiva nzuri mno iliyoandikwa na Leonard Zubkoff, Mmarekani aliyefariki mwaka 2002 katika ajali ya helikopta huko Alaska. Halafu kulikuwa na AHA-1542 ya zamani, ya ISA, ambayo ilibidi uijue anwani yake, kwa kawaida 0x330, ukipenda usipende.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Draiva hukaa ndani ya diski pamoja na mfumo mwingine wote, lakini diski haisomeki mpaka draiva iwe imeshapakiwa. Ufunguo umefungiwa ndani ya chumba. Ukikosea hapo, mashine inaanza kuwaka vizuri, mistari inapita kwa kasi, kisha inasimama na kuandika: VFS: Unable to mount root fs on 08:01. Baada ya hapo unaambiwa kwamba keneli imepatwa na kihoro, na kibodi haijibu tena.

Zile namba 08:01 zilikuwa msaada mkubwa kwa aliyezijua. Nane ni namba ya diski za SCSI, moja ni sehemu ya kwanza ya diski, kwa hiyo keneli inasema: nimeambiwa mfumo uko sda1 na mimi sioni kitu huko. Ingekuwa 03:01 ingekuwa inatafuta hda1, diski ya IDE. Papa aliwafundisha vijana kusoma namba hizo kabla ya kuwafundisha amri hata moja. Wengi hukimbilia kuzima na kuwasha upya. Yeye aliketi na kusoma.

Kulikuwa na kero nyingine ya Ubelgiji yenyewe. Kibodi zote tulizopata zilikuwa za AZERTY, lakini LILO, programu iliyopakia Linux siku hizo, hudhani kibodi ni ya Kimarekani isipokuwa umeisanidi vingine. Ukitaka kuielekeza mashine mgonjwa kwa mkono kwa kuandika root=/dev/sda1, lazima uandike kwa vidole visivyoamini macho. Kupata alama ya usawa unabonyeza kitufe cha kistari. Kupata mkwaju unabonyeza kitufe kilichochorwa alama ya usawa. Kupata a unabonyeza q. Na tarakimu, ambazo Mbelgiji huziandika kwa kushikilia shifti, hapo huzipati mpaka uiachie. Tulibandika karatasi ukutani yenye ramani ya vitufe hivyo, imeandikwa kwa Kiswahili, na watu waliokuja kuchukua mikate ya mchango walidhani ni hirizi.

Kabla ya yote ilibidi kujua una kontrola gani. Kibandiko cha nje hakikutosha, maana fundi fulani wa zamani huenda alishabadilisha kadi. Tulifungua boksi, tukafuta vumbi, tukasoma maandishi juu ya chipu kwa tochi. Kisha kebo: kila mwisho wa mnyororo wa SCSI lazima uwe na tamineta, na kila kifaa kiwe na namba yake. Kadi kwa desturi huchukua 7, na kwenye kebo ya pini 50 zinabaki namba saba za kugawana. Diski mbili zikiwa na namba moja, draiva nzuri kuliko zote haitakusaidia. Nimeona watu wakikompaili keneli upya usiku kucha wakati shida ilikuwa jampa, kile kipande kidogo kinachopanga namba ya diski.

Kukompaili, yaani kuijenga keneli kutoka msimbo wake, kulikuwa kazi ya nusu siku kwenye Pentium zetu. Unaandika make menuconfig, unapita kwenye menyu, na kwa kila draiva unachagua: iwe ndani ya keneli moja kwa moja, iwe moduli ya kupakiwa baadaye, au isiwepo. Hapo ndipo Papa na mimi tulipobishana kuliko mahali pengine popote.

Mimi nilitaka draiva zote ziwe ndani. Hoja yangu: Bukavu ilikuwa chini ya waasi wa RCD, intaneti ilikuwa ya bahati nasibu, na simu hazikuaminika. Diski ikifa, mwalimu atanunua yoyote atakayoipata Bujumbura au Kampala na kuichomeka kwenye kadi yoyote. Keneli iwe tayari kwa lolote.

Papa alitikisa kichwa. "Na disketi je, kijana wa Kigoma?"

Alikuwa na hoja. Kila mashine ilisafiri na disketi ya uokozi, na disketi ina megabaiti 1.44 tu. Keneli iliyobeba kila draiva haiingii. Isitoshe, draiva za kadi za ISA huchunguza bandari kwa kupapasa, na kupapasa huko kuliweza kuigandisha kadi nyingine isiyohusika, kama ile ya mtandao ya NE2000. Unaweza kubeba draiva usiyoihitaji na ikakuua nayo. Watengenezaji wa Debian waliyajua hayo, ndiyo maana walitoa disketi za aina mbalimbali, na ile iliyoitwa idepci ilikuwa nyepesi kwa sababu SCSI imeondolewa humo kabisa.

Februari 2001 tulisikia kwamba waandishi wa programu huria wanakutana katika Chuo Kikuu cha ULB, kampasi ya Solbosch. Tulipanda basi la 71 kutoka Porte de Namur. Mkutano uliitwa OSDEM, umeandaliwa na Raphaël Bauduin na wenzake, na mwaka uliofuata ukaongezwa herufi F kwa ombi la Richard Stallman, mtetezi wa uhuru wa programu. Hakukuwa na kiingilio wala kujiandikisha. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwetu, kwa sababu baadhi ya wenzetu hawakupenda kuandika majina yao mlangoni popote, na karatasi zao za ukaazi zikiwa bado mezani kwa wakubwa.

Linux 2.4 ilikuwa imetoka mwezi mmoja kabla, tarehe 4 Januari, na kila mtu alikuwa akiizungumzia. Papa hakuvutiwa. Alimfuata kijana mmoja mwenye nywele ndefu kwenye korido na kumweleza habari zetu kwa Kifaransa: shule, Bukavu, disketi. Yule kijana hakuuliza Bukavu iko wapi wala sisi ni nani. Aliuliza, "Kontrola gani?" Papa akatoa daftari na kumsomea namba za chipu moja baada ya nyingine. Nadhani sijawahi kumwona akifurahi vile.

Jibu tulilolipata lilikuwa initrd. LILO yenyewe haitumii draiva za Linux. Huiomba BIOS iisomee diski, na kadi ya SCSI ina BIOS yake inayoijua diski yake. Kwa hiyo LILO inaweza kupakia vitu viwili kabla Linux haijaamka: keneli nyembamba, na kifurushi kidogo cha moduli kinachofunguliwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Keneli huichukua draiva humo, kisha huona diski. Sharti lilikuwa moja tu, na tuliliandika kwa wino mwekundu: ukibadilisha keneli au kifurushi, endesha tena lilo, maana LILO hukumbuka mahali faili lilipolala kwenye diski, wala si jina lake.

Tukapatana. Ndani ya diski, moduli zote. Ndani ya disketi, IDE pamoja na draiva tatu tu za SCSI, zile tulizoona Papa na mimi kwamba zinaweza kupatikana upande ule wa ziwa. Keneli ibaki 2.2. Nilitaka 2.4, lakini Papa alisema ikomae kwanza, na ukweli ni kwamba Septemba ya mwaka huohuo, katika toleo la 2.4.10, sehemu nzima ya kusimamia kumbukumbu ilibidi ibadilishwe. Sikuwahi kumsikia akijisifu kwa hilo.

Daftari la maelekezo tuliliandika kwa Kiswahili. Si kwa sababu ya siasa ya lugha. Kifaransa cha walimu kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini daftari hilo lingesomwa kwa sauti na mtu mmoja huku mwingine akishika bisibisi, na hao wawili wangekuwa wakizungumza Kiswahili.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano Nyiragongo ulilipuka na lava ikapita katikati ya Goma mpaka Ziwa Kivu. Chumba chetu kikajaa mablanketi na masufuria, na kompyuta zikasukumwa ukutani. Zilizokuwa za Goma zikaandikiwa Bukavu. Ziliondoka kwa kontena kupitia bandari ya Antwerp, zikashukia Mombasa, na huko njiani zilipoteza kebo kadhaa ambazo hakuna aliyekiri kuziona.

Barua iliyokuja baadaye, mkononi mwa padri, ilikuwa fupi. Mashine moja ilikuwa imepoteza diski yake ya SCSI, wakaweka ya IDE iliyonunuliwa Kampala, disketi ikaiona, nao wakabadilisha sda kuwa hda katika mafaili ya fstab na lilo.conf kama daftari lilivyosema. Mwalimu aliuliza kama tunaweza kumtumia wino wa printa.

Papa amefariki. Elimu ile aliyoibeba kichwani siku hizi mashine inajifanyia yenyewe: initramfs ya kila usambazaji hubeba draiva kwa mamia, udev huzichagua, diski za IDE nazo zikahamia kwenye jina la sda chini ya libata, na fstab hutaja UUID badala ya jina. Mwaka 2021, katika toleo la 5.14, draiva za kale za IDE zilizotupa hda zilifutwa kabisa katika Linux. Ni maendeleo, sina malalamiko, ingawa nimekutana na wahandisi wenye shahada wasioweza kukwambia seva yao ina kontrola gani.

Lakini aic7xxx bado imo ndani ya keneli hadi leo, na ndiyo maana ninaandika. Vyama vyetu vya Brussels, Antwerp na Liège, parokia za Kivu, familia zilizoweka picha na kumbukumbu za mikutano kwenye diski za pini 50 za miaka ile: diski hizo bado zinaweza kusomeka, lakini hazitangoja milele. Mtafuteni mwenye kadi ya 2940, kebo na tamineta, mnakili kila kitu mwaka huu.