Madaftari Saba Hadi Longbridge

Chini kabisa ya sanduku, chini ya achari ya maembe na kashata alizoagiza khalati, dada wa mama yangu, nilikuwa nimeyapanga madaftari saba niliyoyashona kwa mikono yangu. Nguo zilikuwa chache. Khalati alipolifungua sanduku jikoni kwake Longbridge, Birmingham, Uingereza, aliyatoa moja moja, akayaweka mezani, akaniuliza, "Mwanangu, safari yote hii umebeba karatasi?" Nikamwambia ndiyo, nimebeba karatasi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, na kwa miaka mitatu jioni zangu nyingi zimeishia kwenye kushona vitabu. Hakuna aliyenifunza. Nilianza siku nilipokuta juzuu za marehemu babu zimefunguka migongo, kurasa zinatoka kama majani ya mkungu yaliyokauka, nikaona haya kuzifunga kwa mpira. Daftari langu la kwanza nililishona kwa shazia, ile sindano ya magunia, na matundu yake yanapitisha punje ya mchele. La tatu lina jalada la leso. La saba nililitia ngozi niliyoipata kwa fundi viatu, nikalishona kwa msharasi wake. Ukiyapanga kwa safu unaona mkono ukitulia mwaka hadi mwaka. Lakini yote saba yana ugonjwa mmoja: jalada hujipinda kama papa aliyeanikwa juani. Niliyawekea mawe, nikayalaza chini ya godoro, nikabadilisha gundi. Kila nikiyaondoa, yanajikunja tena. Hilo ndilo swali nililosafiri nalo.

Siku ya kwanza sikuliuliza. Nilikuwa nikishangaa tu. Ilikuwa mapema Novemba, na Magharibi iliingia yapata saa kumi na nusu. Nilikuwa sijamaliza kunywa chai ya alasiri. Miti ilikuwa imesimama mitupu, na kwa macho ya mtu wa pwani nilidhani kuna ugonjwa ulioiua yote kwa pamoja. Khalati alicheka akaniambia ingoje hadi Aprili. Nyumba zote mtaani kwake ni za matofali mekundu, zimeshikana mabega, na ndani mna joto la mabomba linalokausha midomo. Nilitia maji bilauri nikaiweka karibu na kitanda, kama mtu anayelala Garissa.

Siku ya pili nilitaka kwenda kukiona kiwanda cha magari cha Longbridge. Kwetu wazee walikuwa wakilitaja jina la Austin kama watu wanavyotaja Toyota leo, na mume wa khalati alikuwa ameshanisimulia kwamba gari dogo la Mini lilianza kutoka hapa mwaka 1959. Nilitarajia mabomba ya moshi na honi ya zamu. Nilikuta bustani, maduka makubwa, chuo chenye vioo vingi, na mto Rea, mwembamba kama mfereji, ukipita katikati ya nyasi. Kampuni ya mwisho iliyounda magari kwa wingi pale, MG Rover, ilianguka Aprili 2005, na watu kama 6,000 wakapoteza kazi. Pahali palipokuwa na karakana sasa watu wanasukuma vitoroli vya kununulia vyakula. Nilisimama pale kwa muda. Nilikumbuka viwanda vya korosho na vya nguo vilivyofungwa kwetu, na jinsi mji unavyoendelea kuhesabu miaka kwa kufungwa huko.

Kilichonigusa zaidi nilielezwa njiani kurudi. Herbert Austin alipokuja hapa mwaka 1905 kutafuta mahali pa kuunda magari, kama kilomita 11 kutoka katikati ya Birmingham, alinunua jengo lililokuwa limeachwa, na jengo hilo lilikuwa kiwanda cha uchapaji cha White and Pike. Kumbe kabla ya mafuta na chuma, Longbridge ilinuka wino! Nilifurahi kana kwamba nimeambiwa nina jamaa hapa.

Siku ya tatu khalati alinipeleka kwa jirani yake wa zamani. Bibi huyu anakaa Austin Village, mtaa wa nyumba za mbao ambazo Austin aliziagiza kutoka Michigan, Marekani, wakati wa Vita vya Kwanza, ili wafanyakazi wake wapate pa kulala. Ziliundwa vipande vipande kwa mti wa mwerezi, zikavushwa bahari, zikaja kusimamishwa hapa mwaka 1917. Ukizoea matofali ya mitaa mingine, hapa unajiona umeingia nchi ya tatu. Veranda zake zilinikumbusha nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli.

Bibi alikuwa akishona viti vya magari kiwandani. Kazi ilipokwisha alitafuta kitu cha kushona, akaangukia vitabu, na tangu hapo hajaacha. Aliniita "bab", neno la watu wa Birmingham kwa mtu unayemtakia mema, akaniondolea koti mwenyewe, akayapokea madaftari yangu kwa mikono miwili. Hakuyafungua. Aliyaweka mezani, akainama hadi jicho lake likawa sawa na meza, akayatazama yanavyopinda. Halafu akanipa gazeti.

"Lichane kutoka juu kwenda chini," alisema. Nikachana; likachanika kwa mstari ulionyooka. "Sasa kutoka kushoto kwenda kulia." Likachanika ovyo, pembe pembe, huku na huku. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu na gazeti halikubadili tabia.

Karatasi inayotengenezwa kwa mashine ina upande wake, kama ubao, kama kuni, kama kuti. Nyuzi zake hulala kufuata mwendo wa mashine. Ukiipaka gundi hunywa maji, na nyuzi zikinywa maji hunenepa kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka kwa upana wa nyuzi. Kitabu kinataka nyuzi zote, za kurasa na za jalada, zilale sambamba na mgongo wake, kutoka kichwani hadi miguuni. Zikikingama, gundi inavuta huku na karatasi inavuta kule, na jalada linapinda. Mimi kwa miaka mitatu nilikuwa nikikata manila kwa namna ya kubana matumizi, vipande vitoke vingi, bila kujua kuna upande. Mama anayesuka ukili hawezi kukosea hivyo: anajua ukindu hupasuliwa kwa urefu. Elimu hiyo ilikuwa kibarazani kwetu, na sikuwahi kufikiri kwamba karatasi nayo ni majani.

Nilirudi kwa bibi kila siku kwa siku tisa. Sitazisimulia zote, maana nyingi zilikuwa za kurudia jambo lilelile. Karatasi inakunjwa, inapangwa nne nne, kikunjo ndani ya kikunjo, inalainishwa kwa mfupa laini ulio bapa kama ulimi. Uzi ni wa kitani, unapitishwa kwenye donge la nta mpaka ulie. Sindano inaingia kwenye mkunjo, inatoka, inazunguka utepe, inaingia tena. Ukifika mwisho unafunga fundo linaloshika kikunjo cha chini yake, na safu ya mafundo hayo hupanda mgongoni kama mnyororo. Nilikuwa nikivuta uzi kwa nguvu, nikidhani nguvu ndiyo uimara. Bibi alinishika kifundo cha mkono. Uzi unavutwa kufuata mgongo, sambamba na mkunjo. Ukiuvuta kwa kuuinua, unapasua karatasi kama waya unavyokata sabuni. Daftari la nane nililipasua mahali pawili. La tisa halikupasuka.

Ngozi ndiyo iliyonitoa jasho katika baridi ile. Ngozi ya mbuzi inayofunika kitabu lazima inyolewe kingo zake kwa kisu kipana, juu ya jiwe, ili ikikunjwa isifanye uvimbe. Unanyoa kidogo kidogo, kisu kimelala karibu kugusa jiwe, na takataka zinazotoka ni nyepesi kama maganda ya kitunguu. Sikio ndilo linalokuongoza. Kisu kikikata vizuri kinanong'ona. Kikianza kukwaruza, simama ukinoe. Siku ya sita nilitoboa ngozi mara mbili. Siku ya saba nilinyoa ukingo mzima bila tundu, nikaupitisha kidole huku nimefumba macho, nikashindwa kujua unene ulipoishia. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi namna ile kwa kazi ya mikono.

Gundi tulipika wenyewe, unga wa ngano na maji, tukikoroga hadi ing'ae kama uji wa mtoto. Nilimweleza kwamba Mombasa gundi hiyo huchacha siku ya pili, na mende huila usiku, ndiyo maana wazee hutia shabu. Alinisikiliza, kisha akanionya: shabu huongeza asidi, na asidi hulemaza karatasi miaka ikipita. Afadhali kupika kidogo na kumwaga kinachobaki. Hilo nalo nililiandika.

Wakati wa chai, chai yao ya maziwa isiyo na iliki, aliniuliza kwetu nani anajalidi vitabu. Nikamwambia habari za Siyu, kisiwani Pate. Katika karne ya 18 na ya 19 mji ule ulikuwa na waandishi wa misahafu na mafundi wa ngozi. Waliandika kwa wino mweusi, wakapamba kwa mwekundu na wa manjano, juu ya karatasi zilizoletwa na majahazi, wakazitia majalada ya ngozi. Aliniuliza, "Umeviona kwa macho?" Nikamjibu sijaviona. Kutoka Mombasa hadi Siyu ni safari ya basi na mashua, na mimi nilikuwa nimepanda ndege hadi Uingereza. Swali lile halikuniacha usiku ule.

Siku tisa hizo zilipokwisha, khalati alinipeleka Chuo Kikuu cha Birmingham kwa treni. Njia ni moja tu kutoka Longbridge: Northfield, King's Norton, Bournville, Selly Oak, kisha kituo kinachoitwa University. Bournville ni mtaa wa chokoleti ya Cadbury, na kituo chake kimepakwa rangi ya zambarau. Fedha za ukoo huohuo, kwa mkono wa Edward Cadbury, ndizo zilizomwezesha Alphonse Mingana, padri aliyezaliwa karibu na Mosul, kukusanya hati za Mashariki miaka ya 1920. Miongoni mwake zimo karatasi mbili za ngozi zenye aya kutoka Suratul-Kahf, Maryam na Taha. Mwaka 2015 chuo kilitangaza kwamba ngozi hizo, zilipopimwa, zilionekana kuwa za kati ya mwaka 568 na 645. Maana yake mnyama aliyetoa ngozi ile huenda aliishi wakati wa Mtume mwenyewe.

Hati hizo hazikai nje kila siku, kwa hiyo tulizitazama kwa picha, tumekaa kwenye benchi chini ya mnara mrefu wa saa, khalati akisoma kwa sauti ndogo na mimi nikifuata kwa kidole. Herufi zimeinama kidogo kulia. Na hapo nikajua jambo ambalo kwa mshona vitabu ni zito: karatasi hizo mbili zilikuwa zimejalidiwa pamoja na kurasa za msahafu mwingine unaofanana nao, wa baadaye kidogo. Fundi mmoja, zamani, alishona vitu viwili kuwa kimoja, na kwa karibu karne nzima pale Birmingham vilihesabiwa kuwa kimoja, hadi mtafiti Alba Fedeli alipoziangalia kwa makini. Uzi unahifadhi, na uzi unaweza kuficha. Tangu siku ile kila ninapofungua kitabu kikuukuu ili nikishone upya, kwanza nahesabu kurasa na kuandika mpangilio wake kabla ya kukata uzi hata mmoja.

Siku ya kuondoka nilimpelekea bibi zawadi, achague daftari moja kati ya kumi na moja niliyokuwa nayo. Nilitaraji atachukua la mwisho, lenye ngozi iliyonyolewa sawasawa na jalada lililolala kama meza. Alichagua la kwanza, lile la shazia. Alilifungua katikati, akalivuta kurasa, akasema mshono huu umekaa miaka mitatu na haujalegea. Kisha akanifungia mfupa wake wa kukunjia katika kitambaa. Umelika upande mmoja, upande wa kidole gumba.

Sasa niko nyumbani. Juzuu thelathini za babu nimezishona kumi na nne, na kila moja inafunguka na kulala juu ya marufaa bila kushikiliwa. Hewa yetu ya bahari inataka subira zaidi: kila jalada nalibana kwa shinikizo siku tano, siyo mbili kama Longbridge. Siku za likizo ya Aprili nakwenda Siyu.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani mna msahafu au kitabu cha wazee kilichofunguka mgongo, nakuomba usikitie selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, huingia ndani ya karatasi, na haitoki tena bila kuondoka na maandishi. Kifunge kwa kitambaa safi cha pamba, kilaze bapa mahali pakavu, kurasa zote zikiwa katika mpangilio wake, na mtafute mtu mwenye sindano.