Watu Watatu na Mchezo Mmoja

Mchezo wa kuigiza unapotajwa, jina litanguliao kinywani ni la mtungaji wake. Desturi hii ina sababu. Aghalabu mtungaji hukaa peke yake na kalamu, akayamaliza maneno yote kabla mwigizaji yeyote hajaitwa, na waigizaji huyapokea maneno hayo kama fundi apokeavyo ramani ya nyumba iliyochorwa na mwingine. Walakini ipo michezo ambayo desturi hii haiienei. Mmojawapo ni Sizwe Bansi is Dead, mchezo mdogo wa waigizaji wawili ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza Cape Town, Afrika Kusini, tarehe 8 Oktoba 1972. Uliundwa na watu watatu: Athol Fugard, Mzungu aliyekuwa mtungaji na mwelekezi, pamoja na John Kani na Winston Ntshona, Waafrika wawili wa New Brighton, mtaa waliotengewa watu weusi kando ya Port Elizabeth, mji ambao tangu 2021 huitwa Gqeberha. Ni nani kati yao aliyeutunga? Swali hili halijibiki upesi, kwa kuwa ndani yake limo jingine lililo zito zaidi: mtu ambaye sheria ya nchi haimtambui kuwa mwigizaji, je, aweza kuwa mwenye mali ya uigizaji wake?

Habari yao haianzi 1972. Mwaka 1963 vijana wa New Brighton walimwendea Fugard wakimtaka awasaidie kuunda kundi la kuigiza. Kundi likaitwa Serpent Players, yaani Waigizaji wa Nyoka, kwa kuwa mahali pao pa kwanza pa kuchezea palikuwa zamani shimo la kufugia nyoka. Hawakuwa waigizaji wa kulipwa. Mchana walikuwa makarani, walimu na vibarua. Usiku walifanya mazoezi, na mara nyingi askari wa upelelezi hawakuwa mbali. Mwaka 1965 walipokuwa wakitayarisha Antigone, mchezo wa kale wa Kiyunani, mwigizaji mmoja, Sipho Mguqulwa, alikamatwa akapelekwa gerezani Robben Island. Huko naye akaufupisha mchezo uleule kwa kadiri alivyoukumbuka, akauonyesha mbele ya wafungwa wenziwe. Nafasi aliyoiacha nyumbani ilijazwa na kijana mgeni katika kundi, na kijana huyo ndiye John Kani. Ntshona, rafiki yake tangu shuleni, alimfuata baada ya miaka michache.

Katika kundi hilo ndimo ilimozaliwa namna ya kutunga ambayo baadaye iliwafaa watu hawa watatu. Katika kesi moja ya kisiasa, mzee aliyekwisha kuhukumiwa kifungo alivua koti lake, akampa mwanamke aliyekuwa mahakamani, amfikishie mkewe ili alitumie. Habari hiyo ilipoletwa kwenye kundi, hakuna aliyeketi kuiandika kwanza. Waigizaji walisimama wakaijaribu kwa miili na vinywa vyao: mke atasema nini? Ataliuza koti ili alipe kodi, au atalitunza mpaka mwenyewe arudi? Majaribio hayo yakawa mchezo uitwao The Coat, 1966. Mwelekezi kazi yake ilikuwa kuuliza, kusikiliza, na kuchagua.

Sizwe Bansi ulianzia kwenye picha. Fugard aliiona katika duka la mpiga picha: Mwafrika amevaa suti yake iliyo bora, anatabasamu, sigara mkono mmoja na kiko mkono wa pili. Basi, hakuna zaidi. Mtu mwenye sigara na kiko kwa wakati mmoja ana furaha iliyomzidi mikono! Watu watatu wakajiuliza furaha hiyo imetoka wapi, na jibu walilolifikia ni mchezo mzima. Sizwe ametoka King William's Town kutafuta kazi Port Elizabeth. Kipande chake kimepigwa muhuri kwamba aondoke mjini kwa muda wa siku tatu. Usiku mmoja, akitoka kulewa pamoja na mwenyeji wake Buntu, wanakuta maiti njiani. Maiti ina kipande chenye ruhusa halali ya kufanya kazi. Buntu anashauri picha zibadilishwe: Sizwe Bansi afe, na Robert Zwelinzima aendelee kuishi na kula mshahara. Picha ya sigara na kiko ni ya huyu aliyefufuka kwa jina la marehemu, naye anaituma kwa mkewe.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana maana ya kipande. Neno hilo limo katika lugha yake tangu wanaume wa Kenya walipolazimishwa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kutembea na karatasi zenye alama za vidole vyao katika kikopo cha bati shingoni. Hata majina ya mchezo hayamo mbali naye sana. Katika Kixhosa, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, jina Sizwe Bansi huleta wazo la taifa lililo pana, na Zwelinzima huleta wazo la nchi iliyo nzito. Anayepoteza la kwanza ili apate la pili amefanya biashara ambayo watazamaji wa New Brighton waliielewa bila kutafsiriwa.

Sasa lililo la ajabu ni hili. Kani na Ntshona walipoacha kazi zao ili waishi kwa kuigiza tu, sheria iliyomfukuza Sizwe mjini iliwakabili wenyewe. Katika vitabu vya serikali haikuwamo kazi ya uigizaji kwa mtu mweusi, na mtu mweusi asiye na mwajiri hakuwa na haki ya kukaa mjini. Njia iliyopatikana ni kuwaandikisha kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard. Basi kila jioni watumishi wawili wa uongo walipanda jukwaani kumwigiza mtu wa kipande cha uongo. Katika karatasi mmoja wa watu watatu walioshirikiana alikuwa bwana na wawili watumwaji wake, nao wakati wa mazoezi walikuwa wakimkatalia hili na kumfundisha lile. Fugard hakuwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari. Kani alifanya kazi kwa miaka kadhaa katika kiwanda cha Ford hapo Port Elizabeth, na ndiko yalikotoka maneno ya mpiga picha Styles yanayofungua mchezo: siku kiwanda kizima kilipopigwa deki na kupakwa rangi kwa kuwa tajiri kutoka Marekani anakuja, na Styles akatakiwa kuwafasiria wafanyakazi wenziwe maneno ya msimamizi Mzungu. Tafsiri anayoitoa si ile aliyotumwa. Wenziwe wanacheka, msimamizi anaona wamefurahi, naye anaridhika. Mtu asiyepata kusimama mbele ya mashine zile hangeweza kuyapata maneno hayo kwa kalamu peke yake.

Kwa muda haukuwapo mswada wowote. Kisichoandikwa hakiwezi kuchukuliwa na askari, na hilo lilikuwa na faida yake. Lakini kukosekana kwa mswada kuliupa mchezo pia uhuru wa kupanuka. Fugard ameeleza jinsi ulivyochezwa katika ukumbi wa St Stephen's huko New Brighton: watu walipoona kipande cha maiti kinatolewa mfukoni, hawakutulia kungoja Sizwe aamue. Walianza kubishana wao kwa wao, wengine wakisema achukue, wengine wakimwonya kwamba atakamatwa. Waigizaji waliwaacha. Mwelekezi mwenye wivu wa kazi yake angeona mchezo umeharibika. Huyu aliona umefika.

Tangu hapo safari yao ilikuwa ya haraka. Mwaka 1973 walicheza katika Royal Court, London. Mwaka huohuo waliunda mchezo wa pili, juu ya wafungwa wawili wanaofanya mazoezi ya Antigone kisiwani, ukachezwa kwanza kwa jina la Kiafrikana lisilotaja kisiwa, kwani kusema habari za magereza kulikuwa hatari. Baadaye ukaitwa The Island. Mwishoni mwa 1974 michezo yote miwili ilionyeshwa New York, na 1975 tuzo ya Tony ya mwigizaji bora ilitolewa kwa Kani na Ntshona kwa pamoja. Mwaka uliofuata, Oktoba, wawili hao walikamatwa Transkei baada ya kuonyesha mchezo wao, wakatiwa kizuizini mpaka makelele ya dunia yalipowatoa. Mwenzao wa tatu hakukamatwa.

Mchezo ulipochapwa 1974, kitabu kilitaja kwamba umeundwa na watu watatu. Hata hivyo, katika masomo na makala za wataalamu jina la Fugard limezoea kutembea peke yake, kana kwamba wale wawili walikuwa sauti zake tu. Sababu si chuki daima. Maktaba hupanga vitabu kwa jina moja, na mwalimu hutafuta mtungaji mmoja wa kumtungia swali la mtihani. Lakini matokeo yake ni kuwarudisha Kani na Ntshona katika kipande kile cha utumishi. Wala si haki kumpunguzia Fugard. Yeye ndiye aliyeiona picha, yeye ndiye aliyekata yaliyozidi na kuyapa maneno umbo la kusomeka, na bila jina lake milango ya London isingefunguka upesi vile. Ila umbo alilolitoa lilihitaji kitu cha kuumbwa, na kitu hicho kilikuwa maisha ya watu wawili waliokuwa hai, waliokuwapo chumbani, na waliokuwa na neno la mwisho juu ya ukweli wake.

Sheria za vipande zilifutwa 1986. Kani na Ntshona, wazee sasa, waliurudia mchezo kati ya 2006 na 2008, Afrika Kusini na ng'ambo, wakivaa nguo za vijana waliokuwa. Ntshona alifariki 2018, na Fugard 2025. Kabla ya hapo, katika miaka ya 2010, Kani alikuwa amekaa mahali alipokaa Fugard zamani, akiwaelekeza waigizaji wapya, na nafasi yake mwenyewe ya Styles na Buntu alimpa mwanawe, Atandwa. Kijana huyo hakuwahi kubeba kipande, wala hakufanya kazi Ford. Maneno ya kiwandani aliyapokea yamekwisha kuchapwa, kama mwigizaji yeyote apokeavyo maneno ya mtungaji. Na mtungaji, safari hii, alikuwa ameketi mbele yake mazoezini.