Kutoka Msowero Kwenda Dodoma: Mama, Panga Kwanza Mwisho wa Safari

Sisi akina mama wa Msowero hatuendi Dodoma kutazama majengo. Tunakwenda kwa sababu mtoto amepewa rufaa, binti anaanza chuo, au kuna karatasi ya mirathi inayofuatiliwa wizarani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Tangu hapo shughuli nyingi zilizotupeleka Dar es Salaam zinatupeleka huko. Mama mwenye nauli ya kuhesabu na mtoto mgongoni hana fedha ya kupotea njia.

Kutoka kwetu njia ni mbili. Ya kwanza ni kwenda Dumila na kusubiri basi linalotoka Morogoro au Dar es Salaam. Hilo litapita Gairo na Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, hadi Dodoma. Ya pili ni kwenda Kilosa kupanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Treni hii hupita katika mahandaki milimani, nao watoto huyafurahia sana.

Ipi ni bora? Wengi wetu huuliza kwanza nauli. Ni vema tuulize kwanza maswali mengine mawili: Dodoma ninakwenda sehemu gani, na nitafika saa ngapi?

Dodoma imetawanyika. Anayekwenda wizarani katika Mji wa Serikali, Mtumba, ajue kwamba basi la kutoka Dumila hupita Mtumba kabla ya kufika mjini. Amwambie konda mapema amshushe hapo. Akipitiliza, atalipa nauli nyingine ya kurudi zaidi ya kilomita kumi. Mabasi huishia kituo kikuu cha Nanenane, Nzuguni, karibu na Soko la Job Ndugai, nje kidogo ya mji. Kutoka hapo daladala huingia mjini kupitia Bunge. Hospitali ya Benjamin Mkapa haiko katikati ya mji, bali iko eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ndiyo iliyo mjini. Hivyo basi, soma vizuri barua ya rufaa kabla ya kufunga mzigo, maana kumwambia dereva wa bajaji "nipeleke hospitali" tu kunaweza kukufikisha pasipo pako.

Kuhusu saa, tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku. Ruhusa hiyo imewasaidia wengi, lakini mama anaweza kujikuta kituoni saa nane za usiku, na daladala hakuna. Mwenye miadi asubuhi ni afadhali afike jana yake jua lingali juu, alale kwa ndugu aliyepewa taarifa. Ndugu huyo aulizwe pia jina la kituo cha daladala kilicho karibu naye.

Anayechagua treni akumbuke kwamba si kila treni husimama Kilosa. Apate tiketi mapema, awe na kitambulisho, na afike stesheni kabla ya muda, kwani treni haimsubiri mtu kama gari la kijijini. Mwenye mgonjwa asiyevumilia mtikisiko atapumzika zaidi humo. Mwenye magunia ya mchele wa kumpelekea mwanafunzi aulize kwanza utaratibu wa mizigo.

Wakati wa masika tuwe macho zaidi. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu pale Dumila, na miaka minne kabla yake reli ya zamani iliharibiwa vibaya na maji upande wa Kilosa. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, piga simu uulize hali ya njia kabla ya kuondoka.

Fedha tuigawe mafungu matatu, tukikaa na baba watoto kupiga hesabu pamoja: ya kufika, ya kuzunguka mjini na ya kurudi. Fungu la pili ndilo husahauliwa, nalo ndilo humfanya mama aguse fungu la tatu. Bei ya bajaji ipatanwe kabla ya kupanda. Kwa safari ndefu mjini daladala ni nafuu, hata kama ni kubadilisha mara mbili.

Mwisho, usisahau sweta la mtoto. Dodoma ni kukavu, lakini upepo wa Juni na Julai una baridi kali asubuhi. Chukua pia maji na chakula kidogo. Na unapotilia shaka njia, muulize mama muuza matunda kituoni. Kuuliza si ujinga, na mama mwenzio akikuona na mtoto mgongoni, mara nyingi atakuonyesha hata gari la kupanda.