Wiketi Tano na Wino Mwekundu

Katika miaka yangu ya kusahihisha insha, ziko alama za wino mwekundu ambazo leo ningependa kuzifuta. Moja niliiweka mwaka 2003, katika daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana wa hapa Pasiansi.

Jumatatu ya tarehe 24 Februari mwaka huo, timu ya kriketi ya Kenya iliishinda Sri Lanka katika Kombe la Dunia, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana. Kijana yule alikuwa na mjomba Nairobi, na redio ya nyumbani kwao ilishika stesheni za Kenya. Nilipowapa wanafunzi insha ya siku wasiyoisahau, wenzake waliandika harusi na dhoruba za ziwani. Yeye aliandika mchezo. Alieleza kwamba Kenya ilipata mikimbio 210, na kwamba Collins Obuya, mrushaji wa mipira ya kuzunguka, aliwatoa wapigaji watano akiruhusu mikimbio 24 tu. Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, waliishia 157. "Wiketi tano zilianguka," aliandika, "na mjomba akalia." Nikalizungushia duara neno wiketi, nikaandika pembeni: Tumia Kiswahili.

Alinifuata ofisini na daftari lake. "Shikamoo, mwalimu. Sasa niandikeje?" Nikamwambia akatafute. Hakupata, na mimi sikuwa na la kumpa. Insha yake iliyofuata ilihusu harusi.

Nilipostaafu nilianza kuisoma historia ya uwanja ule, labda nikitafuta cha kujitetea. Gymkhana ilikuwa klabu ya Waasia wa Nairobi tangu enzi za ukoloni, wakati ambapo hata michezo ilitengwa kwa rangi. Jina lenyewe lilizaliwa India. Sehemu yake ya mwisho, khana, ni neno la Kiajemi lenye maana ya nyumba, nalo ndilo lililomo katika karakana yetu, yaani nyumba ya kazi. Karakana sikuwahi kuizungushia duara.

Mechi za kimataifa za siku moja zilianza kuchezwa pale mwaka 1996. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo, Shahid Afridi wa Pakistan alipata mikimbio 100 kwa mipira 37 tu, rekodi iliyodumu hadi 2014. Oktoba 2000 mataifa 11 yalikutana katika uwanja huo, na New Zealand ikaishinda India katika fainali. Mwaka 2003 New Zealand hiyohiyo ilikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi za mezani. Sri Lanka walikwenda, wakashindwa uwanjani. Kenya ikafika nusu fainali. Mwaka 2014, ikapoteza hadhi ya kucheza mechi hizo za siku moja.

Wajuzi wa michezo hueleza anguko hilo kwa fedha na uongozi. Mimi niliyefundisha lugha naona na jambo jingine. Jioni watoto wa mtaani kwetu huweka mawe mawili yakawa goli, wakabishana juu ya kona na penalti, na mkubwa wao akawa refa. Maneno yote hayo ni ya kigeni, na kwa miaka yote sikuyagusa. Yaliingia pamoja na mchezo, kila mtu akacheza, yakawa yetu. Kriketi ilihitaji gongo, pedi, na uwanja uliotunzwa nyuma ya geti la klabu, na msamiati wake ukabaki humo ndani pamoja na wanachama. Neno moja lilitoka, likavuka mpaka hadi Mwanza, likaingia katika daftari la mtoto aliyelipenda. Mlinzi aliyelirudisha ni mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sarufi ilikwisha kulipokea. Kijana hakuandika "wiketi tano walianguka" wala "yalianguka." Aliandika "zilianguka," akaliweka katika ngeli ya I-ZI bila kufundishwa na mtu, kama anavyosema nguo zilianguka. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa kamili. Lugha ilifungua mlango, mwalimu wake akaufunga, kisha akadai kwamba anailinda lugha.

Sijui daftari lile liliko. Mwenyewe sasa ni mtu mzima, na huenda amenisahau. Iwapo atasoma hapa, naomba afute lile duara. Kwenu malenga nasema hivi: wi-ke-ti ina mizani tatu, na kina chake, ti, hakikosi wenzake. Yeyote atakayelitia katika ubeti atakuwa amenisaidia kulipa deni.